Kukagua Daraja na Njia ya Umeme kwa Droni: Mwongozo Kamili wa Kazi

Mei 2021, mkaguzi mmoja alikuwa kwenye daraja la Hernando de Soto, linalovusha barabara kuu ya I-40 juu ya mto Mississippi pale Memphis, Marekani. Akakuta chuma kikuu cha daraja kimepasuka vibaya. Hakungoja kuandika ripoti. Alipiga 911, namba ya dharura ya kule, magari yakasimamishwa, na hata majahazi ya mizigo yaliyokuwa yanapita chini yakazuiwa. Siku chache baadaye likatoka la aibu zaidi: kulikuwa na video ya droni ya Mei 2019, miaka miwili nyuma, na ufa ulionekana humo. Droni iliruka, kamera ilifanya kazi yake, faili likahifadhiwa. Aliyekosekana ni mtu wa kuitazama ile video akijua anatafuta nini.

Naanza na kisa hicho kwa sababu ujumbe ninaoupata mara nyingi kuliko wote ni huu: "Kaka, ninunue droni gani niingie kwenye kazi ya kukagua minara na madaraja?" Swali la droni ni la tatu au la nne. Kurusha utajifunza kwa wiki chache. Kazi yenyewe ni kuona.

Jua ugonjwa kabla ya kununua kipimo

Kama hujawahi kusimama chini ya daraja na mhandisi wa madaraja, anza hapo. Omba umfuate siku mbili, mbebee ngazi. Atakuonyesha kwamba si kila ufa ni ufa. Kwenye zege kuna mistari iliyoachwa na mbao za fomu siku ya kumwaga, kuna nyufa za juujuu kama wavu zilizotokana na zege kukauka haraka, na kuna ule ufa unaokwenda sambamba na nondo, wenye doa la kutu pembeni. Huo wa mwisho ndio wenye habari: nondo inavimba kwa kutu na kuisukuma zege nje. Ukisubiri, kipande kitameguka na nondo itachungulia. Ukiona ute mweupe kama chokaa unaning'inia chini ya sakafu ya daraja, maji yanapita ndani ya zege na kuyeyusha chokaa yake. Anayekagua hauiti uchafu; anauliza maji yanatoka wapi, na mara nyingi jibu ni maungio ya juu yaliyochoka au bomba la kutolea maji lililoziba.

Kwa upande wa umeme, mwalimu wako ni fundi laini. Kile ambacho vitabu vinaita kihami, yaani kinachoshika waya na kuzuia umeme usipite kwenye mnara, yeye anakiita kikombe, na jina hilo ndilo utaliandika kwenye ripoti ukitaka isomwe. Kikombe cha kioo kikivunjika kinaonekana kwa mbali, kwa sababu sahani yote inamwagika na kubaki kishina. Cha kaure kinaweza kuwa na ufa mwembamba au alama nyeusi ya radi tu. Halafu kuna zile pini ndogo zinazozuia boliti isichomoke. Ikikosekana moja, leo hakuna kinachotokea, lakini mtikisiko wa upepo unaifungua boliti kidogo kidogo hadi siku laini inadondoka. Ongeza nyuzi za waya zilizokatika, viota vya ndege, miti iliyoingia kwenye mkuza, yaani ukanda wa ardhi unaoachwa wazi chini ya laini, na vyuma vya chini vya mnara vilivyoibwa na watu wa vyuma chakavu. Hilo la wizi kwetu ni la kawaida.

Vibali: anza mapema kuliko unavyodhani

Kenya, droni lazima isajiliwe KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, chini ya kanuni za mwaka 2020, rubani awe na leseni, na anayefanya biashara awe na cheti cha uendeshaji. Ukiingiza droni bila idhini, itabaki mikononi mwa forodha na utaizoea ile ofisi. Tanzania utashughulika na mamlaka ya anga ya huko, TCAA, kwa usajili na kibali, na pia Wizara ya Ulinzi. Kikomo cha kawaida cha urefu ni futi 400 kutoka ardhini, yaani mita 120 na kidogo, na kwa ukaguzi huo ni mrefu kupita haja: kazi yetu iko karibu na kitu.

Kibali cha anga hakikupi ruhusa ya mwenye mali. Daraja la barabara kuu lina mwenyewe, TANROADS au KeNHA. Laini ya umeme ina mwenyewe pia. Pata barua yenye jina la mtu na namba ya simu, kwa sababu askari atakayekusimamisha hatasoma kanuni za anga, atataka kumpigia mtu.

Kisha nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au kwa chifu kama uko Kenya. Hii si adabu tu. Watu wanaoishi kandokando ya barabara na chini ya laini wameshaona nyumba zikipigwa alama ya X. Wakiona droni inapita juu ya mapaa yao, wazo la kwanza ni kwamba wanapimwa ili wavunjiwe, la pili ni fidia. Nilishawahi kuzungukwa na akina mama watano, mmoja ameshika hati ya kiwanja, akitaka nimwambie hapo hapo amepata shilingi ngapi. Siku hiyo sikuruka. Siku hizi mwenyekiti anatangaza siku moja kabla, nami nafika na skrini ya kuwaonyesha kwamba napiga picha vikombe, si vibanda.

Timu ya watu watatu

Rubani, mwangalizi, mkaguzi. Rubani anarusha. Mwangalizi hatazami skrini hata mara moja. Macho yake yako kwenye droni, nyaya, ndege na watu. Mkaguzi anatazama picha zinapoingia na kusema "rudi kushoto, sogea, tena." Wengi wanataka kumpunguza mtu mmoja ili kubana gharama. Ukilazimika, afadhali usiende kabisa. Na kama ripoti itatoa uamuzi wa kihandisi, mtu wa kuisaini ni mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, ERB kwa Tanzania au EBK kwa Kenya. Rubani hodari asiye mhandisi anaandika alichokiona, hasemi daraja ni salama.

Sasa droni

Kwa anayeanza, droni ndogo ya kikazi kama DJI Mavic 3 Enterprise inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi: ina kamera pana ya megapikseli 20 na lenzi ya kuvuta mbali ya megapikseli 12. Ndugu yake, 3T, ina kamera ya joto ya pikseli 640 kwa 512, na hiyo ndiyo utaihitaji kwa umeme. Kwa chini ya madaraja tafuta droni ambayo kamera yake inaweza kutazama juu wima. Parrot ANAFI na baadhi ya za Skydio zinaweza, nyingine nyingi zinaishia nusu njia na utabaki unapiga picha za nguzo tu.

Droni kubwa za kiwango cha DJI Matrice 300 zinabeba kamera nzito na zinavumilia upepo, lakini zina mtego ambao muuzaji hakwambii. Betri yake moja, TB60, ina wati-saa 274. Mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kubeba betri ya zaidi ya 160, na kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika. Maana yake kutoka Dar kwenda Kigoma betri zako zinakwenda kwa barabara, na wewe unazifuata.

Betri hazipendi jua la saa nane ndani ya gari lililofungwa, na pwani chumvi inaingia kwenye mota. Baada ya kazi ya Mombasa au Kigamboni, futa droni yote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi kisha kikavu. Usiioshe.

Hesabu inayoamua kila kitu

Hapa ndipo nataka ukae kidogo. Kabla ya kuruka, jibu swali moja: pikseli moja ya picha yangu inabeba milimita ngapi za daraja?

Zidisha upana wa kihisi cha kamera kwa umbali wako. Gawanya kwa urefu wa fokasi ya lenzi uliozidishwa na idadi ya pikseli za upana wa picha. Kamera pana ya Mavic 3 Enterprise ina kihisi cha upana wa milimita 17.3, fokasi halisi ya takribani milimita 12.3, na picha yenye pikseli 5,280 kwa upana. Ukiwa mita 10 kutoka kwenye nguzo, pikseli moja inabeba milimita 2.7. Ukisogea hadi mita 3, ni milimita 0.8.

Sasa weka hapo kipimo cha wahandisi. Kanuni ya Ulaya ya zege, Eurocode 2, kwa zege yenye nondo iliyo kwenye unyevu au chumvi inataka ufa usizidi milimita 0.3. Ili kuupima ufa huo unahitaji upite angalau pikseli mbili au tatu. Kwa kamera pana ingebidi droni iwe nusu mita hivi au chini yake kutoka ukutani, na hapo huna droni tena, una ajali. Kwa lenzi ya kuvuta, ukiwa mita 5, pikseli moja inabeba karibu robo ya milimita. Utauona ufa wa 0.3 kama uzi, hutaweza kuupima kwa uhakika. Basi ripoti yako iseme hivyo: "ufa umeonekana, upana upimwe kwa mkono." Anayeandika "ufa wa mm 0.28" kutoka kwenye picha kama hiyo anadanganya kwa desimali.

Na tazama gharama ya ukaribu huo. Kwa robo milimita, picha moja inafunika kama mita moja kwa sentimita 80. Uso mmoja wa nguzo ya daraja wenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 20, ukiacha picha zipandane kwa theluthi moja hivi, ni safu sita za picha 36: picha 216. Uso mmoja, nguzo moja. Mteja akikuambia "daraja lote kwa nusu siku", mwonyeshe hesabu hii kabla hujakubali bei.

Bado kuna mwendo. Droni ikienda mita 1 kwa sekunde na shata ikiwa 1/1000 ya sekunde, kitu kinasogea milimita 1 ndani ya picha. Kwa robo milimita hiyo ni ukungu wa pikseli nne, na ufa wako umefutika. Kwa hiyo simama, piga, sogea.

Kuna njia rahisi ya kujikagua ambayo siiachi kamwe. Chapa kadi yenye mistari myeusi ya milimita 0.1, 0.2, 0.3, 0.5 na 1. Ibandike kwenye nguzo mahali utakapofika kwa miguu. Rusha droni, simama kwenye umbali uliopanga, piga picha, shuka, ikuze kwenye laptopu. Mstari wa mwisho unaouona ndio uwezo wako wa siku hiyo, kwa mwanga huo, kwa upepo huo. Picha ya kadi inakwenda ukurasa wa pili wa ripoti.

Siku ya daraja

Fika alfajiri. Upepo umelala, magari machache, na kunguru bado hawajakasirika. Usicheke: kunguru na mwewe wanaishambulia droni, hasa msimu wa vifaranga. Ukiona ndege anazunguka juu yake, panda juu taratibu na uondoke. Usishuke, kwa sababu anashambulia kwa kushuka.

Zunguka daraja lote kwa miguu kwanza. Andika majina ya sehemu: nguzo ya 1 ni ile ya upande gani, "kulia" ni kulia kwa anayetazama wapi. Tumia upande wa mto unakotoka na unakokwenda, si kushoto na kulia. Majina haya yanaonekana upuuzi hadi siku una picha 3,000 na zote ni za zege la kijivu.

Sasa jambo lililonigharimu droni. Chini ya daraja ishara za setilaiti zinakatika au zinadanganya, na chuma kinaivuruga dira. Droni inaweza kuanza kuelea upande wenyewe. Hilo unalijua na umejiandaa. Usilolijua ni kile ambacho droni inafanya mawasiliano yakikatika: kwa mpangilio wa kiwandani, inapanda juu kisha inarudi nyumbani. Chini ya daraja, juu ni sakafu ya daraja. Yangu ilipanda kwa utii kabisa, ikajigonga kwenye zege, ikaanguka majini, nami nikabaki na rimoti mkononi kama mtu aliyekatiwa simu. Kabla ya kuingia chini ya daraja, badilisha mpangilio huo: mawasiliano yakikatika, isimame palepale. Ukitoka nje, urudishe. Iandike kwenye orodha ya ukaguzi kwa herufi kubwa.

Chini ni giza na nje ni jua kali, hivyo kamera ikiachwa ijipimie mwanga itakupa kivuli cheusi chenye nyufa zisizoonekana. Pima mwanga kwa mkono ukilenga zege la kivulini, au beba taa. Anza na beringi, pale boriti zinapokalia nguzo, na sehemu zilizo chini ya maungio ya sakafu. Maji yakishuka hapo, ndipo pa kuoza kwanza. Katikati ya boriti utapata kidogo. Mwisho wake ndio wenye maneno.

Shuka betri ikiwa asilimia 30. Si 20, si "nimalizie hii moja".

Siku ya umeme

Kamera ya joto inawavutia wateja kuliko kitu kingine, na ndiyo inayodanganya kuliko kitu kingine. Kiungo kibovu kinapata joto kwa sababu umeme unapita kwa shida. Umeme usipopita wa kutosha, hakuna joto, nawe utaripoti kwamba kila kitu ni kizima. Uliza mzigo wa laini wakati unaruka. Wakaguzi wengi hawakubali chini ya asilimia 40 ya uwezo. Upepo unakipoza kiungo. Jua la mchana linapasha kila kitu. Ruka asubuhi mapema au jioni jua likizama, ambapo kwetu ni bahati njema, kwa sababu jioni ndipo watu wanawasha taa na mzigo unapanda.

Usiisome nyuzijoto peke yake, linganisha. Waya tatu za laini moja, zenye mzigo unaokaribiana, viungo vya aina moja: kimoja kikiwa moto kuliko wenzake, hapo pana jambo. Jedwali la NETA, chama cha wapimaji wa mitambo ya umeme cha Marekani, ambalo wengi tunalitumia kama mwongozo, linasema tofauti ya nyuzijoto 1 hadi 3 ni ya kuchunguza, 4 hadi 15 ni kasoro inayoelekea kuwepo, na zaidi ya 15 ni tatizo kubwa la kushughulikiwa mara moja. Alumini mpya inayong'aa inaakisi anga na kuonekana baridi hata ikiwa moto, kwa hiyo tazama sehemu iliyochakaa au iliyopakwa kitu, si ile inayometa.

Ukubwa wa pikseli unarudi hapa pia. Kamera ya joto ya 3T, ukiwa mita 10, kila pikseli inabeba takribani sentimita 1.4. Ili kipimo kiwe cha kuaminika kiungo kijaze angalau pikseli tatu kwa tatu, yaani sentimita 4 na kidogo. Chochote kidogo zaidi kinachanganywa na anga baridi iliyo nyuma yake, na kiungo kinachoungua kinasomeka vuguvugu.

Kuhusu usalama: vihisi vya kukwepa vikwazo haviuoni waya mwembamba. Waya wa juu kabisa wa mnara, ule wa kukinga radi, ni mwembamba kuliko mingine na ndio unaoua droni. Usivuke kamwe laini kutoka upande mmoja kwenda mwingine ukiwa kwenye kimo cha nyaya. Panda juu ya mnara wenyewe, ambao unauona, ndipo uvuke. Kwenye msongo mkubwa mimi sikaribii chini ya mita 10, na dira ikianza kulalamika nasogea mbali zaidi. Droni ikinasa kwenye laini, usiiguse kwa chochote. Piga simu kwa mwenye laini na uvumilie aibu.

Kuuachia mtambo usukani

Droni inayojiendesha ni nzuri kwa kurudia, si kwa kugundua. Mara ya kwanza rusha kwa mkono, mkaguzi akiwa pembeni. Ukishajua pembe zinazofaa, hifadhi njia hiyo yenye kila pointi, urefu na mwelekeo wa kamera, kwa kutumia RTK, yaani mfumo wa kusahihisha vipimo vya setilaiti, inayokupa usahihi wa sentimita chache. Mwaka ujao droni inarudi pale pale na kupiga picha ile ile, na sasa unaweza kuweka picha mbili pamoja na kuuliza kama ufa umekua. Hapo ndipo otomatiki inalipa.

Tahadhari moja. Programu inayofuata mwinuko wa ardhi mara nyingi inatumia ramani ya setilaiti ambayo haina minara ndani yake, wala miti iliyoota juzi. Kwenye ramani hiyo mnara wa mita 40 ni uwanja mtupu.

Kuna droni zinazokaa kwenye kisanduku, zinatoka zenyewe, zinakagua, zinarudi kuchaji. Kwa kituo cha umeme zinafaa sana. Kwa laini ndefu zinahitaji kuruka mbali na macho ya rubani, na hicho ni kibali cha peke yake, kigumu. Usimwahidi mteja kabla hujakipata.

Mahali ambapo droni haitoshi

Droni haigusi. Haijui unene wa chuma kilicholiwa na kutu kwa ndani, wala haioni mto ulivyochimba chini ya nguzo. Msingi uliochimbwa na maji umeangusha madaraja mengi duniani, na picha nzuri ya juu haikusaidii. Kwa chini ya maji kuna roboti za kuzamia zenye kamera na sona, au mpiga mbizi. Kwa unene wa tangi na bomba kuna roboti zinazotambaa ukutani kwa sumaku zikipima kwa mawimbi ya sauti. Ndani ya tangi lenyewe hutumika droni iliyo ndani ya kizimba, kama Elios ya kampuni ya Flyability ya Uswisi, inayogonga ukuta bila kuanguka. Hydro-Québec, shirika la umeme la Kanada, wametengeneza roboti inayotembea juu ya waya wenye umeme na kuvuka vikwazo vyake.

Mfano ninaoupenda uko Genoa, Italia. Daraja la Morandi lilianguka tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43. Daraja jipya la San Giorgio lililofunguliwa Agosti 2020 lilijengewa roboti zake tangu mwanzo: zinatembea kwenye reli za daraja na kupiga picha sehemu yake ya chini. Hizi zote usizinunue. Jua zipo, jua nani anazikodisha, na uwe na ujasiri wa kumwambia mteja kwamba hapa droni yangu imefika mwisho.

Kutazama picha

Chukua laini ya msongo wa kilovolti 400 kati ya Isinya, Kenya, na Singida, Tanzania. Ni takribani kilomita 500. Tukikadiria mnara mmoja kila mita 400, ni minara zaidi ya 1,200. Picha 20 kwa mnara ni picha 25,000 hivi. Ukiipa kila moja sekunde 10 tu, ni saa 69 za kutazama bila kupepesa. Hakuna binadamu anayeweza, na ndiyo maana pini iliyokosekana inapita.

Akili unde inasaidia hapa, mradi uielewe kama msaidizi wa kuchambua mchele: anatenga vijiwe, na anatenga punje nzuri pia. Mifumo ya kutafuta nyufa itakuletea nyuzi za buibui, kivuli cha waya, mistari ya fomu na michirizi ya maji. Hilo linavumilika. Hatari ni kasoro ambayo mfumo unaipita. Kila kazi mpya mimi huchukua picha 200 bila mpangilio kati ya zile ambazo mfumo umesema hazina kitu, nikazitazama mwenyewe. Nikikuta kasoro moja ya maana humo, siuamini mfumo kwa kazi hiyo na tunarudi kwa macho.

Kwa macho, utaratibu wangu ni huu. Dakika 40, pumziko dakika 10. Si zaidi ya saa nne kwa siku. Watu wawili wanatazama sehemu muhimu kila mmoja peke yake, kisha wanalinganisha orodha. Walipotofautiana ndipo pa kurudi. Na usitazame tu kile ulichotumwa. Ukikagua vikombe, tupia jicho chuma kilicho nyuma yake.

Faili zipe jina siku hiyo hiyo: daraja, nguzo, uso, tarehe. Nakala mbili kwenye diski mbili, gari mbili tofauti. Kupandisha gigabaiti 60 mtandaoni kwa bando la simu ukiwa Tunduru ni kujitesa, beba diski.

Ripoti na simu

Kila kasoro ipate mstari wake: iko wapi, picha ya mbali inayoonyesha mahali, picha ya karibu, ukubwa kama umeweza kuupima na kwa njia gani, uzito wake, na ilivyokuwa mara iliyopita. Andika pia ambavyo hukuviona: "uso wa kusini wa nguzo ya 4 haukupigwa kwa sababu ya miti." Mstari huo utakulinda kuliko bima. Kasoro za hatari zikae ukurasa wa kwanza. Modeli ya pande tatu inayozunguka ni nzuri kwa kikao, lakini fundi anayepanda mnara kesho anahitaji karatasi moja yenye namba ya mnara, upande, na neno "kikombe cha tatu kutoka juu".

Usiuze kwa siku ya kuruka. Uza kwa kasoro zilizokaguliwa na ripoti iliyosainiwa, la sivyo mteja atalinganisha bei yako na ya kijana anayepiga video za harusi, naye atashinda.

Kabla ya kuondoka nyumbani, andika kwenye daftari, si kwenye simu tu, namba ya mtu mmoja mwenye mamlaka ya kufunga barabara ile au kuzima laini ile, na mbadala wake asipopokea. Hakikisha zote mbili zinaita. Kama ofisi iliyokupa kazi haiwezi kukutajia mtu huyo, wasubiri wampate ndipo upange tarehe.